Nilimtambua kwa Ndege Wake

Nilimtambua kwa ndege wake, si kwa sauti. Sauti alikuwa ameifunika kwa kitambaa, ananong'ona kama mwenye mafua, na jina alilojipa kundini lilikuwa Shokishoki. Lakini nyuma yake ndege aliimba, na mwisho wa wimbo akagonga mara tatu, kavu, kama nyenje. Mji wetu wote wa Klaten ni ndege mmoja tu aliyefunga wimbo namna hiyo, na Jumapili nyingi nilikuwa nimesimama karibu na tundu lake nikiona kijicho. Alikuwa ndege wa Tugiman, fundi pampu wa mtaa wa pili, ambaye wote tunamwita Mas, yaani kaka.

Kundi lenyewe lilikuwa la simu. Alilianzisha Haryadi, muuguzi wa zahanati, alipochoka kuona wanaume wakija kupima presha kumbe wana majonzi. Tulikuwa kumi na tisa, kila mmoja na jina la tunda, na sharti lilikuwa moja: ya humu hayatoki. Mimi nilikuwa Stafeli. Niliingia mwaka ule mke wangu aliporudi kwao, nikawa nazungumza na televisheni.

Alhamisi hiyo, katika ujumbe wake wa sauti, Shokishoki alisimulia kwamba mwanawe alikufa kwa pikipiki miaka mitatu iliyopita. Wazee waliomwosha walimwonya baba asidondoshe chozi juu ya maiti, asije akamzuia mtoto safari yake.

"Nikayameza yote," alisema. "Tangu siku ile hayajatoka."

Halafu akasema kwamba mkewe akienda sokoni, yeye humwita ndege kwa jina la mtoto, Yudha. Humuuliza kama amekula. Siku nyingine humgombeza kwa kuendesha mbio. Alidhani anaanza kupata wazimu.

Nilimwandikia: "Huna wazimu, kaka. Endelea kumwita. Humu hakuna wa kukucheka." Sikuwa naigiza. Nililia nikiandika, na ninachojutia zaidi mpaka leo ni kwamba nilikuwa mkweli kabisa siku ile.

Jumapili tukakutana kwenye mashindano ya ndege waimbaji. Matundu yanatundikwa ndani ya uzio, waamuzi wanapita na vibendera vyao, na sisi wenye ndege tunapiga mayowe nje ili wageuke watazame. Kutaniana ni nusu ya mchezo, na anayenuna huambiwa akafuge bata. Ndege wangu alianza vizuri, kisha akanyamaza, akawa anajikuna tu.

"Wartono, umemlisha nini huyo?" Mas Tugiman akaniuliza mbele ya watu. "Au naye ameachwa na mkewe?"

Umati ukaangua kicheko. Nami nilicheka, lakini maneno yalinichoma, na papo hapo nikaona bendera ya mwamuzi ikichomekwa chini ya tundu lake, alama kwamba ndege wake anaongoza. Ningeweza kumjibu kwa mambo mia. Kipara chake, pampu zake zinazovuja, ule mkia wa ndege wake uliopinda. Nilichagua lile moja.

"Mwite kwa jina la nyumbani, Mas," nikapaza sauti. "Mwite Yudha. Muulize kama amekula."

Wachache walicheka kwa mazoea tu. Waliomjua marehemu walinitazama, wakatazamana. Mas Tugiman alikuwa ameinua mikono kumhimiza ndege wake, akaishusha polepole kama mtu anayeweka chini kitu kizito. Ndege wake alishinda. Hakwenda kuchukua kombe. Aliteremsha tundu, akalifunika kwa shuka lake, akaondoka kwa miguu, pikipiki akaiacha palepale.

Jioni simu ilinijulisha kwamba Shokishoki ametoka kundini. Wenzetu wakaulizana amekwenda wapi. Haryadi akaandika kwamba ana wasiwasi naye, na kwamba anayemfahamu amwambie mlango uko wazi. Unajua niliandika nini? "Labda simu yake imeharibika." Niliyaandika maneno hayo kwa vidole hivi hivi.

Siku kumi na moja nilikula chakula bila kukionja. Siku ya kumi na mbili nikaenda kwake. Alinipokea kama mgeni wa heshima, na hapo ndipo nilipojua nimeharibu kweli, maana miaka yote alikuwa akinipokea kwa matusi. Mkewe, Bu Lasmi, alileta chai na mihogo ya kukaanga. Tukazungumzia bei ya mchele. Bu Lasmi aliporudi jikoni, nikainamisha kichwa.

"Mas, nimekuja kuomba radhi. Nilikujua kwa ndege wako. Mle kundini mimi ndiye Stafeli."

Alizungusha kikombe juu ya kisahani.

"Nilijua wewe ni mmoja wao," akasema. "Jina hilo la ndege sikulisema pengine popote. Nimekaa siku zote hizi nikiwahesabu. Nikasema labda wewe ni Fenesi, yule hodari wa mzaha. Labda ni Embe. Nilikuwa nimeanza kujipanga kurudi. Nilitaka kumwandikia Stafeli, yeye peke yake."

Nilitaka kumwambia kwamba Stafeli yupo, kwamba yale aliyaandika kwa moyo wake wote. Lakini yeye aliwahi.

"Ungenyamaza tu, Wartono," akasema, bila hasira. "Ungeniachia huyo Stafeli."

Kisha akanisogezea sahani, akanisihi nile mihogo kabla haijapoa, na mimi nikala.