Kabureta ya Mkubwa

Mtaani kwetu hakuna anayezijua jenereta kunishinda mimi. Niliwahi kuikalia moja mchana kutwa nikidhani ni meza iliyofunikwa turubai, mpaka mwenyewe alipokuja kuiwasha.

Ilikuwa ya Mkubwa. Mkubwa ndiye aliyekuwa akipanga zamu za kukatika umeme mjini, kule ofisini kwao kwenye shirika la umeme, na zamu ya mtaa wetu ilikuwa kila siku. Basi siku moja jenereta yake ikagoma. Inawaka, inakohoa, inazima. Fundi akaja, akafunga koki ya petroli, akafungua kabureta, akaipuliza, akachungulia.

"Petroli imelala humu mpaka imeganda kama gundi," alisema. "Haisafishiki tena. Tuweke mpya, saizi ileile."

"Ileile?" Mkubwa aliuliza. "Kwani mimi karani?"

Akaenda mwenyewe, akarudi na kabureta ya jenereta ya kiwandani, kubwa kama kichwa cha ndama. Fundi akamweleza kwamba itavuta hewa kupita kiasi. Mkubwa akamjibu kwamba hewa ni ya bure. Fundi akakata bati la kuunganishia, akakaza nati, akaenda zake.

Iliwaka mara moja. Ilivuta hewa ya uani, ikaimaliza, ikahamia ya mtaa. Mapazia ya nyumba zote yakalalia upande wa kwake. Ilimeza hata mngurumo wake yenyewe, ikawa inafanya kazi kimya kama paka juu ya godoro. Watu wakajizoeza kuvuta pumzi pale kona, kupita mbele ya geti la Mkubwa vifua vimejaa, na kuitoa wakishavuka. Salamu zikawa za kupungiana mkono.

Aliyeumia zaidi ni Mama Pasi, jirani yake wa ukuta mmoja, anayefua na kupiga pasi nguo za watu. Kwa kuwa umeme haukuwepo alitumia pasi ya mkaa, na mkaa bila hewa ni mawe meusi tu. Kila akiuwasha, unazimika. Mezani kwake palikuwa na gauni la bibi harusi, limekunjamana kama uso wangu, na wenyewe walikuwa wanakuja kulichukua jioni ileile. Walishamwambia: lisiponyooka, nguo za ukoo mzima zinahamia kwa dobi mwingine. Na ukoo ule ndio uliokuwa ukiwalisha wanawe.

Akabeba pasi yake, akavuta pumzi, akagonga geti. Mkubwa alitoka mwenyewe, shavu moja limetuna.

"Shikamoo, Mkubwa. Samahani kwa usumbufu," alisema Mama Pasi, akiitumia ile pumzi kwa uangalifu. "Nakuomba uzime jenereta kidogo tu, ninyooshe gauni la watu."

"Jenereta gani tena, mama? Umesikia mlio?"

"Sijasikia."

"Sasa je! Hata sisi tumo gizani humu, joto linatumaliza. Tuvumiliane tu, mama. Shida hii ni yetu sote."

Neno "tuvumiliane" lilimtoka na mvuke wa baridi. Mama Pasi akautazama ule mvuke mpaka ulipovutwa kuelekea uani, kisha akalitazama shavu.

"Na hapo pana nini?"

"Jino. Linanisumbua tangu juzi."

"Pole, baba. Mbona linagongagonga?"

"Ndivyo linavyouma."

Mkubwa akafungua kinywa aongeze maelezo, na kipande cha barafu kikamdondoka, cha pembe nne, safi, kikatua juu ya pasi. Kikakaa palepale. Pasi ilikuwa imepoa kiasi kwamba hakikutoa hata tone. Wote wawili wakakitazama.

"Limeng'oka," alisema Mkubwa.