Jicho la Pembeni la Don Nicanor

Babu yangu, Nicanor Peguero, alikuwa karibu kufukuzwa kwenye meza ya dhumna, na kwa mtaa wetu hapa Baní ni heri mtu afukuzwe kanisani, maana kanisani utarudi.

Kosa lenyewe ni kuchungulia. Don Ulises, anayekaa kulia kwake, alilalamika kwamba Babu anatazama kete zake. Na kweli alikuwa anazitazama. Mimi ndiye ninayewapelekea kahawa pale mbele ya duka, nimemwona: shingo kaikunja, macho kwenye kete za Don Ulises, wala hafichi.

Lakini nilikuwa nimeona na jingine. Siku hizi akinisalimia, analisalimia sikio langu.

Nikampeleka kwa daktari wa macho. Alikwenda na furaha, kwapani kabeba furushi la nguo, akijua atatolewa mtoto wa jicho kama shangazi Mélida, ambaye tangu atolewe anaona hadi vumbi la nyumba za wenzake. Daktari akamwambia mtoto wa jicho hana. Zamani huyo ndiye aliyepofusha wazee wa huku. Sasa anatolewa asubuhi, mchana unakula nyumbani kwako. Ila watu wanaishi sana, na wanaomaliza macho wamekuwa wengine: sukari, presha ya macho, na hili la Babu, kitovu cha jicho kuchakaa kwa uzee. Pembeni anaona, katikati pana doa, na dawa ya kuliondoa doa lake hakuna.

"Baba yangu alipofuka kwa mtoto wa jicho, ugonjwa unaojulikana," Babu alinung'unika njiani. "Mimi napewa doa. Usimwambie mtu. Wakijua sioni, kiti changu atapewa Tulio, anayekimezea mate siku zote."

"Na wakisema unaiba, Babu?"

"Mwizi anaona, mjukuu wangu."

Jumapili Don Ulises akazilaza kete zake kifudifudi.

"Hatuchezi. Nicanor, ondoka mwenyewe, tusikuaibishe mbele ya mjukuu."

"Mimi sichungulii."

"Macho yako yako wapi sasa hivi?"

"Kwenye kete zako."

Basilio, anayecheza upande mmoja na Babu, akajifunika uso kwa kofia.

Babu akasukuma kiti nyuma, nikajua anaondoka. Hakuondoka. Akasema polepole, "Ulises, nikitaka kuona kitu lazima nitazame kando yake. Katikati pamekufa. Nikitazama zako, ndiyo naona zangu."

Don Ulises aliwahi kuwa karani wa mahakama, hana tabia ya kuacha jambo nusu. "Na ukitazama zako?"

"Hapo zako zinajitokeza kidogo."

"Kwa hiyo jana, ulipoziinamia zako kama mtawa, mimi nikakusifu kwamba umejirekebisha..."

"Ulikuwa na sita-sita," Babu akasema. "Uliikalia mno."

Basilio alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Tulio, aliyekuwa kasimama nyuma akikinyemelea kiti, akaingia dukani kununua sigara. Don Ulises akatoa hukumu pale pale: Nicanor abaki, ila ni marufuku kutazama kete zake mwenyewe.

Ndivyo wanavyocheza hadi leo. Juzi mgeni kutoka mji mkuu alisimama kuwatazama, akabaki mdomo wazi Don Ulises alipopiga meza kwa kiganja.

"Nicanor, unatazama zako tena. Macho kwangu, mwizi wewe."