Shuka Kwenye Njia ya Machimbo

Kitanda cha mkwe wangu nilikikuta kimetandikwa, na hilo ndilo lililonishtua. Mtu anayelala nyumba ya wageni hatandiki kitanda. Anakiacha kama kimepigwa na kimbunga, na sisi tulioajiriwa kwa kazi hiyo tunafuata nyuma. Lakini huyu, mama wa mume wa binti yangu, ni mwanamke ambaye akipita mlangoni kwako na kuona nguo imeanguka kutoka kwenye kamba, ataiokota, ataikung'uta na kuikunja, hata kama hamjuani. Basi alikuwa amekitandika, pembe zote zimebanwa, na mto umewekwa katikati kama yai.

Mkoba wake haukuwepo. Fimbo niliyomwazima haikuwepo. Simu yake ilikuwa imechomekwa ukutani, bado inakula moto.

"Amenitangulia," nikasema peke yangu, na nikacheka, maana tangu jana jioni tulikuwa tunataniana nani atampakata mjukuu kwanza.

Binti yangu alikuwa amejifungua kule pwani, ambako mumewe ni fundi wa mashine za boti. Barabara ya magari ilikuwa imekatwa na mvua, daraja limekwenda na maji, kwa hiyo njia ilibaki moja tu, ile ya miguu inayopita juu ya mgongo wa mlima. Inaanzia kwenye lango la kijiji chetu cha kale na kwenda moja kwa moja mpaka baharini. Watu hutoka mbali kuja kuitembea. Wanalala kwetu, wanapiga picha milango yetu ya zamani na ngazi za mawe zilizolika katikati kwa nyayo za watu ambao hakuna anayewakumbuka, halafu asubuhi wanapanda. Kukiwa kweupe, upande mmoja unaona bonde lote na mashamba yake, upande wa pili bahari, na wewe uko katikati na upepo. Mimi huwa namshukuru Mungu kila nikifika pale juu. Kukiwa na ukungu hata mbuzi hukaa chini.

Marehemu mume wangu ndiye aliyekuwa akiipaka chokaa njia ile. Kila mwaka, kabla wageni hawajaanza kuja, alibeba ndoo na brashi akapaka mawe, jiwe hadi jiwe. Na alikuwa na maneno yake ambayo alimwambia kila mgeni, na alipofariki nikayarithi mimi pamoja na ndoo. Jana, tukinywa chai, nilimwambia na mkwe wangu.

"Njia haina ugumu, mkwe. Fuata nyeupe. Ukiona nyeupe, endelea. Usipoiona..."

"Usipoiona vaa miwani!" akadakia, na akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani. "Mkwe, mimi nimevuka barabara za mjini maisha yangu yote. Leo nishindwe na mawe yaliyopakwa rangi?"

Wifi yangu, dada wa marehemu, ambaye tunafanya naye kazi pale, alinikonyeza. Alikuwa ameshampa jina, Redio. "Hii haina pa kuzimia," alininong'oneza jikoni.

Nilimalizia maneno yangu, *usipoiona, kaa chini ulipo,* lakini nilimalizia wakati mwenzangu ameshahamia kwenye habari ya soksi alizomfumia mjukuu. Sikujua kama yalimfikia.

Nilifungua dirisha la chumba chake nitazame hali ya hewa. Mahali ilipokuwa bahari palikuwa na weupe mtupu, na weupe ule ulikuwa unapanda. Haya, nikajiambia, mawe yapo, chokaa bado mpya, na yeye si mtoto. Nikaanza kutoa foronya.

Ndipo wifi akapita mlangoni na beseni tupu kiunoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kuanua shuka kabla hazijalowa upya. Ukungu unaokuja huko si wa mchezo."

"Uani mbona hakuna kitu?"

"Sikuanika uani. Kamba imejaa mataulo, na jua la uani unalijua, linapita kama mgeni mwenye haraka. Nilizipeleka juu jana jioni, nikazitandaza kwenye vichaka vya njia ya machimbo. Kule upepo haulali."

Foronya ilinibaki mkononi. Machimbo ni pale mawe ya kijiji chetu yalipokatwa, zamani za mababu. Njia yake inachepuka kushoto, mwanzoni kabisa mwa mgongo, pana na laini kuliko njia yenyewe, kwa sababu mikokoteni ilipita pale. Inakwenda vizuri, halafu inakwisha. Haina ukuta wala uzio. Inakwisha tu, na chini ni mbali.

"Shuka zipi?" nikauliza, ingawa nyumba yetu haina shuka za rangi.

"Wifi, zile zile. Nyeupe."

"Redio ametoka alfajiri," nikasema.

Sikumwona akicheka. Beseni lilimponyoka, likazunguka sakafuni kwa kelele mpaka likatulia.

Chai ya wageni tuliiacha jikoni wajimiminie wenyewe. Tulipita lango bila kumsalimia mtu, na kwa wanawake wa umri wetu hilo peke yake lilitosha kuwatoa watu milangoni. Nilikuwa nasali huku natembea. Sikuwa na sala ndefu. *Mungu, mkalishe chini. Mungu, mchoshe miguu.* Na katikati ya sala mawazo mengine yalikuwa yanapenya bila kubisha hodi. Nilimwona binti yangu na kichanga kifuani, mumewe anaingia, anamwuliza, "Mama yangu alilala kwa mama yako. Yuko wapi?"

"Labda alipita njia ya kulia," wifi alisema nyuma yangu, akihema.

"Labda."

"Mawe yako pale, anayaona."

"Wifi, wewe ukiwa mgeni, ukaona upande mmoja jiwe limepakwa chokaa, na upande wa pili weupe mkubwa kama mlango, utafuata upi?"

Akaongeza mwendo.

Tulipofika njia panda, ukungu ulikuwa umeshafika kabla yetu. Jiwe la marehemu lilikuwa mahali pake, kulia, jeupe, dogo. Nililigusa. Kushoto tuliona kichaka cha kwanza, majani meusi kwa umande, bila kitu juu yake.

"Hapa niliweka moja," wifi alisema. "Naapa niliweka. Imepeperushwa!"

"Ulizibana?"

"Kila pembe jiwe. Mimi si mgeni wa upepo huu."

Niliinama. Chini ya kichaka mawe yale ya kubania yalikuwa yamekaa pamoja, yamepangwa, kubwa chini na dogo juu.

"Upepo haupangi mawe," nikamwambia.

Tukatazamana. Hapo niliyaona yote kana kwamba nilikuwepo. Alifika pale gizagiza, akaona nyeupe, akafurahi, akaifuata. Alipoifikia akakuta ni shuka, tena inalowa. Mkono wake ukaenda wenyewe. Akaikunja, akainua macho, akaona nyeupe nyingine mbele. Akaifuata nayo, akaikunja nayo. Kila hatua aliyokwenda mbele alikuwa anaifuta njia nyuma yake, kwa adabu tu na usafi, mpaka kule ambako hakuna kichaka tena.

Niliita. Sauti ilitoka mdomoni na kufia hapo hapo, kama nimeongea ndani ya godoro. Wifi akaita. Kimya. Hata ndege hawakuwepo.

"Sikiliza," nikamwambia. "Tukienda wote tutapotea wote. Wewe simama hapa kwenye kichaka, imba, nisikie ulipo. Nikifika kinachofuata nitakuita, uje, nami niende mbele."

"Niimbe nini?"

"Chochote, wifi!"

Wifi yangu Mungu alimpa mikono ya kazi. Sauti hakumpa. Lakini aliimba, na mimi nikaenda kwa mikono mbele kama kipofu, nikitelezesha mguu kwanza kabla ya kuukanyagia. Kichaka cha pili nilikuta kitupu, mawe yamepangwa. Nikamwita, akaja, akaanza tena. Cha tatu nacho kitupu. Baada ya hapo ardhi ilianza kuinamia mbele, na nikasikia ubaridi mwingine ukinipiga usoni, ubaridi unaotoka chini. Nikasimama nikishika matawi, nikimsikia wifi nyuma akiparamia sauti za juu.

Kutoka mbele yangu, karibu kabisa, sauti ikasema, "Nani huyo anayemtesa mbuzi?"

Nilikaa chini bila kupenda.

"Mkwe!"

"Usije haraka," akasema. Sauti ilikuwa yake, lakini utani ulikuwa umekwisha ndani yake. "Mkwe, tafadhali. Usije haraka. Nimetupa jiwe hapo mbele, sijalisikia likifika."

Nilikwenda kwa kutambaa. Nilimkuta ameketi katikati ya njia, miguu ameinyoosha, mkoba mgongoni, na mapajani shuka zote za nyumba ya wageni, zimekunjwa, zimepangwa mpaka kidevuni, amezikumbatia kwa mikono miwili. Mbele ya visigino vyake majani yaliendelea kidogo, halafu hayakuendelea.

"Ilikuwa hapo ya mwisho," akaninong'oneza, kama vile shimo lile lina masikio. "Pale kwenye kile kijiti. Niliichukua, nikainua macho, nikatafuta nyeupe. Hakuna. Nikageuka nyuma, hakuna. Ndiyo nikakaa. Si ulisema?"

"Nilidhani hukunisikia."

"Masikio yangu yanafanya kazi hata mdomo ukiwa kazini."

Nilitaka kumkumbatia, nikaogopa kumsukuma. Badala yake nilichukua shuka moja juu ya lundo, nikaikunjua, nikaisokota, nikafunga ncha moja kiunoni kwangu na nyingine kiunoni kwake, fundo juu ya fundo. Alitaka kuniachia lundo lote nimbebee. Nikamwambia tuziache. Akakataa katakata.

"Niache shuka za watu chini? Na matope haya?"

Tulirudi kinyumenyume kwa makalio mwanzoni, kama watoto wanaoteremka ngazi, tukifuata ule wimbo mbaya kuliko nyimbo zote nilizopata kusikia. Wifi alipotuona aliacha kuimba, akalia. Mkwe akampa shuka.

"Shika. Umetandaza vizuri, mwanangu, lakini umetandaza pabaya."

"Nisamehe, mama. Nisamehe."

"Ukiacha kuimba nimekusamehe."

Pale njia panda niliwaza turudi kijijini wote watatu. Mkwe alilitazama jiwe lenye chokaa, akaenda akaweka kiganja juu yake, akakaa hivyo kitambo. "Hili ndilo lenyewe?" akauliza. Nikamwambia ndilo. Akasema basi twende, mtoto anasubiri, na yeye akirudi leo kijijini hatapanda tena maishani mwake. Wifi akateremka na shuka zake akiwahi wageni, na sisi tukashika kulia, jiwe hadi jiwe. Kila nilipoona jeupe nililigusa kwanza kwa ile fimbo niliyomwazima nisikie kama ni jiwe kweli. Yeye alikuwa nyuma yangu na shuka ilikuwa imekazwa kati yetu. Redio ilikuwa imezima. Nilitamani iwake.

Karibu na mwisho wa mgongo ukungu ulichanika, na bahari ikawa chini yetu yote kwa mara moja, na mabati ya nyumba za pwani yakimetameta. Ni mahali ambapo wageni hupiga kelele na kutoa kamera. Mkwe alitazama visigino vyangu tu mpaka tukafika chini.

Mlangoni nilijaribu kufungua fundo. Lilikuwa limelowa na kukaza, kucha zikashindwa. Kwa hiyo tuliingia hivyo hivyo, pamoja, mlango mwembamba, ikabidi tupite ubavu. Binti yangu aliinua kichwa kutoka kwenye mto.

"Jamani! Mmefungwa na nani?"

"Ukungu," nikasema.

Akamwinua mtoto, akamwelekeza kwa mama mkwe wake, kama heshima inavyotaka, na mimi nilijua hivyo, nilikuwa nimeshakubali tangu kwenye machimbo. Lakini mkwe alificha mikono yake ndani ya nguo.

"Mpe mwenzangu kwanza," akasema. "Mikono yangu haijatulia."

Nikampokea. Kwa sababu ya fundo ilibidi tukae bega kwa bega kwenye ukingo wa kitanda kimoja, kichwa cha mjukuu kwangu na miguu yake kwenye mapaja yake yeye. Alitoa zile soksi mkobani. Moja aliivisha, ya pili ikamshinda, nikamsaidia.

Mwanawe aliingia kutoka kazini, mikono na mafuta ya mashine, amefurahi.

"Mama! Umepita juu? Wanasema hakuna njia nzuri kama ile. Umeona nini?"

Mkwe wangu alilipapasa lile fundo kiunoni, na mwanawe akaanza kututazama kwa zamu.

"Shuka," akasema mwishowe.