Majirani wa Jibu

Lifti ilikuwa na wiki ya tano haipandi wala haishuki, na aliyeionea haya kuliko wote hakuwa hata mpangaji wa jengo lile. Alikuwa fundi wa lifti mstaafu, na mama mkwe wake ndiye bibi wa ghorofa ya tisa. Mkwe ni fundi lifti na mama mkwe kafungiwa juu: hapo hata asiyejua utani anapata la kusema, na majirani walilisema kila walipopishana naye kwenye ngazi.

Magoti ya bibi yalikuwa yamegoma zamani. Wiki ya pili walijaribu kumshusha kwa kiti, wanaume wanne, lakini ngazi zilikuwa nyembamba na kwenye kona ya ghorofa ya nane nusura wamwangushe. Akaamuru arudishwe juu, akasema habebwi tena kama kabati. Sasa dada yake mkubwa, aliyekuwa mgonjwa wa kitandani upande wa pili wa mji, angechukuliwa Jumapili na mwanawe akaishi naye mji wa mbali. Ukijumlisha umri wa ndugu hao wawili unapata miaka mia moja sabini na mbili. Hakuna aliyejidanganya kwamba wangeonana tena. Siku ya mwisho ya kuonana ilikuwa Jumamosi, na sasa ilikuwa Jumatano.

Kampuni ilishasema vipuri vya lifti ile havipo na kiwanda chenyewe kilifungwa. Kamati ya jengo ikampa fundi ufunguo wa chumba cha mtambo, kule juu ya paa. Ndani ya saa moja alikuwa ameshaujua ugonjwa: breki zilikuwa zinang'ang'ania gurudumu hata pale zinapotakiwa kuachia. Dawa yake aliwahi kuijua kama anavyojua jina lake, lakini ujuzi huo aliuandika kwenye daftari, na daftari lilibaki kwenye droo ya ofisi siku alipostaafu.

"Mali bila daftari hupotea bila habari," alisema shemeji yake. "Wewe daftari lenyewe ndiyo mali, na bado umelipoteza."

Shemeji huyu, mdogo wa mkewe, alikuwa mwalimu wa hesabu. Nyumbani walimwita Profesa kwa sababu hajawahi kukiri kwamba kuna kitu hakijui, na tangu aweke programu ya akili mnemba kwenye simu yake hali ilikuwa imezidi. Walikuwa sebuleni kwa bibi. Profesa aliandika swali refu, lenye adabu zote, na kabla fundi hajamaliza kufuta grisi mikononi jibu lilikuwa limefika: hatua tano, zimepangwa, hazina wasiwasi wowote. Zima umeme. Tia alama mahali nati ilipo. Legeza kila springi ya breki raundi mbili. Usiilazimishe nati, ibembeleze. Washa, jaribu.

Fundi aliomba lisomwe tena.

"Huyu kashika spana," alisema. "Neno hilo la kubembeleza, mtu wa ofisini halijui."

"Si nilikwambia, shem? Nenda kalegeze, Mama akasalimie watu."

Angekwenda siku ileile, lakini alikuwa na mwiko mmoja wa kazi: hagusi breki kabla ya kuona mchoro wake kwa macho. Akili mnemba haikuwa na mchoro wa lifti ile. Kwa hiyo Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, alikaa mbele ya kompyuta kuukuu ya mkewe iliyohifadhiwa pale kwa bibi, akatafuta kwa njia aliyoizoea. Aliandika maneno matatu tu, kwa vidole viwili: breki, springi, lifti.

Yakaja makumi ya linki. Ya kwanza iliuza magari. Ya pili ilikuwa ya mtu anayeogopa kupanda lifti na jinsi alivyopona. Ya tatu ilitaka kwanza kujua kama anakubali masharti yao, akakubali, ikamwonyesha ngazi za aluminiamu. Profesa alivuta kiti akae atazame vizuri.

"Mimi nikiuliza napewa jibu," alisema. "Wewe unapewa majirani wa jibu. Mwenye nyumba hayupo, lakini hawa hapa wa kushoto na wa kulia, karibu uzungumze nao."

"Nyamaza wewe, nasoma."

Kwenye ukurasa wa nne alikuta jukwaa la mafundi. Lilikuwa la kijivu, la zamani, na juu yake imeandikwa kwamba halipokei tena maandishi mapya. Mtu aliyejiita Mtu wa Paa alikuwa ameuliza, miaka kumi na moja nyuma, kuhusu breki zinazong'ang'ania katika mtambo uleule. Chini yake alijibu mtu aliyejiita Kamba Nne: zima umeme, tia alama, legeza raundi mbili, usiilazimishe nati, ibembeleze.

Fundi alicheka mpaka mkewe akatoka jikoni.

"Kamba Nne ni mimi," alisema. "Nimejijibu mwenyewe. Mashine yenu imenisoma mimi, Profesa, ikaja kunifundisha."

Profesa naye alicheka. Kisha fundi akateremsha ukurasa kutafuta mchoro.

Mchoro haukuwepo. Kulikuwa na Mtu wa Paa tena, wiki mbili baadaye. Kamba Nne, nimefanya ulivyosema. Imeteleza ghorofa moja na nusu. Nilikuwa ndani peke yangu, nashukuru. Mguu umevunjika mahali pawili. Hii yangu inabeba watu wanane, wewe ulisema ya watu wangapi?

Mwezi mmoja baadaye: Kamba Nne, upo?

Kisha kimya cha miezi mitano, na maandishi ya mwisho: Kwa atakayepita hapa. Kwenye ile ya watu wanane springi usiiguse. Vua pini za mikono ya breki, zitoe kutu, zitie mafuta, zirudishe. Pima kwa mzigo kamili kabla hujapandisha mtu. Mimi siku hizi nafanya kazi ya kukaa.

Fundi alisoma yote mara mbili. Wakati ule, lifti zote za kampuni yake zilikuwa za watu wanne. Hakutaja idadi kwa sababu hakujua kwamba mtambo ule unafungwa pia kwenye kubwa zaidi. Alijibu, akaona kamsaidia mwenzake, akazima kompyuta, na hakurudi tena kusoma. Lifti ya bibi ilikuwa ya watu wanane.

Profesa alikuwa amesoma pia, juu ya bega lake. Alichukua simu, akaandika kwamba lifti ni ya watu wanane. Programu ilijibu papo hapo: samahani sana, uko sahihi kabisa, kwa ukubwa huo ushauri wa awali haufai. Iliomba radhi vizuri kuliko watu wengi. Fundi aliona haya kwamba imemtangulia.

"Zima," alisema, na Profesa akazima bila ubishi.

Ijumaa alivunja mwiko wake: bila mchoro, akifuata maneno ya Mtu wa Paa, alivua pini. Zilikuwa zimeshikwa na kutu, kama ilivyoandikwa. Alizisugua, akazitia mafuta, akazirudisha, na springi hakuzigusa. Kisha wapangaji walijaza madumu ya maji kwenye bomba la uani, thelathini ya lita ishirini, wakayapanga ndani ya lifti. Ulipobaki upenyo wa mtu mmoja, fundi akaingia.

"Si maji yanatosha?" mkewe alisema. "Kwa nini na wewe uwemo?"

"Yule alikuwemo."

Mkewe alimshika mkono, hakumvuta, kisha akauachia. Lifti ilipanda mpaka tisa. Ilishuka, ikasimama, ikatulia. Fundi alirudia mara sita. Alikuwa na hofu, na hakujaribu kujiambia vinginevyo.

Jumamosi asubuhi mama mkwe alivaa nguo zake nzuri. Mke wa fundi alitangulia chini kuzungumza na dereva wa teksi, kwa hiyo ndani ya lifti walikuwa wawili tu. Bibi alisimama ameegemea mkongojo, hatazami popote.

"Tangu juzi huli," alisema. "Lifti imepona, wewe una nini?"

"Mama, kuna mtu alivunjika mguu kwa maneno yangu."

Walikuwa wanapita ghorofa ya sita.

"Lini?"

"Miaka kumi na moja sasa."

"Na wewe umejua lini?"

"Juzi."

Walipita ya nne.

"Basi wewe unaumwa tangu juzi," alisema.

Bibi alihamishia mkongojo mkono wa pili, kisha akauliza.

"Ni nani?"

"Simjui, Mama. Mle watu hujipachika majina. Na jukwaa lenyewe limefungwa, huwezi kumwandikia."

"Sikuuliza kama limefungwa. Umemtafuta?"

"Hapana."

Lifti ilisimama sawasawa na sakafu. Bibi alimshika mkono mpaka mlango wa nje, na hapo akauachia, akamshika binti yake.

"Kwa dada nitafika na huyu," alisema. "Wewe huna safari huku, baba. Rudi juu."

Teksi iliondoka. Fundi alipanda, akakaa mbele ya kompyuta, akaandika jina: Mtu wa Paa. Zilikuja linki nyingi mno, karibu zote za mabati na mafundi wa kuezeka. Profesa aliingia, akaona, akavuta kiti karibu naye. Fundi akafungua ya kwanza. Hakuwa yeye. Akafungua ya pili.