Mlango Mpya kwa Tursunali

Mimi ni mwashi, na nimebomoa kuta nyingi hapa Kokand, lakini ukuta wa nyumba ya chai ya Tursunali ndio pekee niliobomoa bure, tena kwa hasira.

Hasira zenyewe alizianzisha Mamarajab. Huyu ni mfua visu, rafiki yangu tangu shule, na kwa miaka thelathini ndiye aliyekuwa mdomo wa baraza letu la Alhamisi. Tulikaa kwa Tursunali wanaume kumi na mmoja, tukala pilau, naye akatutania mmoja mmoja hadi mbavu zikatuuma. Mwaka juzi alianguka kutoka juu ya mlozi wake, miguu ikagoma moja kwa moja. Alitoka hospitali na kiti cha magurudumu, na ulimi mkali vilevile.

Sasa, nyumba ya Tursunali ina ngazi saba mlangoni. Alhamisi ya kwanza tulimnyanyua watu wanne, yeye na kiti chake, tukapanda tukihema. Tulipomtua akasema, "Siku nyingine wanaume wanne wakinibeba, naomba niwe maiti, nisiwasikie wakilalamikia migongo yao." Tukacheka mno. Yeye hakucheka, na Alhamisi iliyofuata hakuja.

Nikamfuata nyumbani. Akanikaribisha vizuri, akanimiminia chai, akajaza kibakuli hadi ukingoni. Kwetu, mgeni unayempenda unammiminia mafunda mawili tu, ili yaishe upesi umwongezee, na yeye azidi kukaa. Kumjazia mtu kibakuli ni kumwambia anywe aende zake. Nikanywa, nikaenda zangu. Njiani nililia, sina haja ya kuficha.

Miezi minne baraza letu lilikaa bila ladha. Tulikula, tukasifu nyama, tukaagana mapema. Alhamisi moja nikachoka, nikamvuta Tursunali pembeni.

"Upande wa mfereji ardhi imepungua kidogo tu kuliko sakafu yako," nikamwambia. "Nivunje lile dirisha la mwisho, niweke mlango."

"Dirisha la babu yangu?"

"Babu yako angefufuka leo, angeingiaje humu? Kwa kupaa?"

"Angebebwa."

"Haya. Na wewe jiandae kubebwa. Nakuona unavyoshika ukuta ukipanda."

Akayatazama magoti yake, akaitikia kwa kichwa. Kesho yake nikaja na nyundo.

Salomat, mke wa Mamarajab, alikipima kiti kwa utepe wa kushonea mumewe akiwa usingizini, akanitajia upana kwenye simu. Mteremko wa nje niliujenga mara mbili. Ule wa kwanza niliujaribu kwa toroli la kokoto, likanirudia kifuani, nikaubomoa na kuurefusha. Mlango ukakaa mwisho kabisa wa chumba, nyuma ya kichwa cha meza, mahali anapokaa mwenye heshima kuliko wote, mbali na ule mlango wa ngazi. Nikajipongeza. Rafiki yangu angeingia na kujikuta moja kwa moja kwenye kiti cha heshima.

Kumwita ilikuwa kazi nyingine. Nikampelekea ujumbe kwamba baraza limemtawaza Ilhom kuwa bingwa wa utani. Ilhom ndiye mdogo wetu, ana miaka arobaini na tisa, na kisa kimoja humchukua nusu saa kukimaliza. Jibu lilirudi kabla sijaweka simu mfukoni: "Nakuja kujionea."

Alhamisi hiyo sote tuliingilia mlango mpya, tukavua viatu pale, tukakaa kumngoja. Tukasikia magurudumu yakipanda mteremko bila haraka. Mamarajab akaingia peke yake, bila mkono wa mtu begani, akasimamisha kiti kwenye kichwa cha meza, pale tulipomwachia nafasi. Nilitaka kupiga makofi.

Ilhom akakohoa.

"Samahani, kaka zangu," akasema. "Mwenye heshima si hukaa mbali na mlango? Na mlango sasa si ule, wenye viatu vyetu vyote? Na wa karibu na mlango si ndiye mdogo, anayemimina chai? Maana mimi nimemimina miaka kumi na tisa."

Kila mtu akageuka kuvitazama viatu. Nimevunja ukuta wa watu, nimechanganya saruji mara mbili, na baada ya yote nimemweka Mamarajab mahali pa mtumishi. Ningeweza kumnyonga Ilhom, lakini alikuwa amesema kweli.

Mamarajab aliuangalia mlango, kisha meza, kisha mimi.

"Zokir, umeujenga wewe?"

"Mimi."

"Nilijua. Umepinda."

Mtu mmoja akacheka puani.

"Miaka sitini na miwili," akaendelea, "na leo mmenifanya mdogo wenu. Hata mke wangu hajaweza kunirudisha ujanani hivi. Ilhom, lete birika."

"Kaka, nilikuwa natania tu."

"Wewe kutania hujui, ndiyo maana nimekuja. Kiti cha heshima sijakiomba kwa mtu. Nilitaka kuingia mwenyewe, basi, na nimeingia. Lete birika, ukakae kule upande wa ngazi kama mzee, usiguse kitu."

Akatandaza kitambaa mapajani, akaliweka birika, akaanza kuzunguka. Mpishi naye akaingia na sinia la pilau kwa mlango mpya, akatangaza kwamba zile ngazi saba hazipandi tena hata alipwe. Mamarajab alipomfikia Ilhom, akamjazia kibakuli hadi kikamwagika.

"Bingwa, kunywa. Nyumbani wanakungoja."

Tulicheka mpaka Tursunali akalazimika kushika ukuta, safari hii akiwa amekaa.

Mwisho akafika kwangu. Akainamisha birika, akamimina mafunda mawili, akaacha.

"Mbona kidogo?" nikamuuliza.

"Nitakuongezea," akasema. "Kwani unakwenda wapi?"