Cheti cha Mramba

Miguu ya Kadii ilikuwa bado na povu la sabuni aliposimama mbele ya dirisha la karani wa hoteli. Aliomba dakika kumi, msimamizi wa dobi akampa tano. Karani, Bwana Badawi, alikuwa akimaliza chai yake, naye hakuwa mtu wa kuharakishwa na mfuaji wa mashuka.

Alimwamkia shikamoo, akapenyeza cheti chini ya wavu.

Bwana Badawi ndiye aliyemletea habari ya punguzo la kodi mwezi wa kumi. Alipokuwa akigawa mishahara alimuuliza, bila kuinua macho, kama ana mtoto. Kadii akasema anaye, mvulana wa miezi minane, analelewa na bibi yake kijijini, mwendo wa nusu siku ukipanda mto Sabaki. Na mume? Hana. Basi, karani akamwambia, anakatwa kodi ya bure. Mama asiye na mume anayelea mtoto serikali humpunguzia. Akajaza fomu palepale, akaituma, akasema kilichobaki ni cheti cha kuzaliwa.

Kadii alipiga hesabu yake mara moja tu, ikamtosha. Kwa hilo punguzo angemlipa bibi wa chumba cha jirani amshikie mtoto mchana, naye Kadii amlete mwanawe Mramba hapa Malindi, hospitali iko mwendo wa miguu. Tangu mvua za vuli zianze, mama yake alikuwa amemletea salamu mara tatu, na mara zote tatu ni za homa ya mtoto.

Lakini ilikuwa Desemba, hoteli imejaa, na mfanyakazi hapewi ruhusa. Baba yake, Mzee Ngala, ndiye aliyekwenda kutafuta cheti. Alipata barua kwa naibu wa chifu, akafika hadi Kilifi kwa msajili wa vizazi. Jana alikuja mwenyewe hadi lango la hoteli, amevaa koti lake la kanisani, cheti kimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni.

"Nimemaliza," alisema. "Mtoto ana baba. Hakuna atakayeuliza tena."

Kadii alifika darasa la nne. Alisoma jina la Mramba, limeandikwa sawasawa, kwa mashine, na mhuri juu yake. Alilisoma mara nyingi. Mistari ya chini hakuisoma.

Sasa Bwana Badawi aliisoma yeye. Alivua miwani, akaivaa tena.

"Ngala ni nani wako?"

"Baba yangu."

"Na Easter?"

"Mama."

"Basi huyu ni mtoto wao."

Kadii alimweleza. Dena, aliyempa mimba, alikwenda Mombasa kutafuta kazi, hakutoa mahari. Kwa desturi ya kwao, kama mahari hayajatolewa, mtoto ni wa baba wa msichana. Ndiyo maana Mzee Ngala akampa jina la babake mwenyewe, kama mtu anavyompa mwanawe wa kwanza. Hakukusudia ubaya. Aliulizwa baba ni nani, akasema ni yeye. Aliulizwa mkewe ni nani, akasema ni Easter.

"Nakuamini," alisema Bwana Badawi. "Watu wenu nimekaa nao. Lakini hapa siandiki ninayoyaamini."

Kadii akauliza kama cheti kinaweza kurekebishwa. Karani akamwambia kinaweza. Aende Kilifi, yeye na baba yake na mama yake na naibu wa chifu, na mzee aape kwamba alisema uongo mbele ya serikali. Hapo wataamua wamfanye nini.

Kadii alimwona moyoni baba yake na koti lake, akiapa. Halafu hakumwona tena. Aliangalia maji yaliyochuruzika kutoka kwenye miguu yake na kuingia chini ya mlango wa ofisi.

"Basi niiache hiyo fomu," alisema.

"Haiachiki, binti. Nilishapeleka jina lako kwamba una mtoto. Wakikagua wataona ulitaka kuwaibia, na mimi nitaulizwa nilikusaidia kwa nini. Nina miaka kumi na tisa kwenye kiti hiki." Akatoa karatasi nyingine, akaisukuma chini ya wavu. "Tia sahihi hapa, kwamba huna mtoto."

"Ninaye."

"Ni karatasi tu, mwanangu."

"Na cheti je?"

Bwana Badawi alikirudisha cheti chini ya wavu. "Hicho nacho ni karatasi. Lakini kina mhuri."

Nyuma ya Kadii watu wawili wa jikoni walikuwa wamefika, wanasubiri zamu yao. Mmoja alimtania karani kwamba leo anasomesha ngumbaru. Kadii alichukua kalamu. Aliandika jina lake polepole, herufi moja moja, kama alivyofundishwa, akarudisha karatasi. Karani akaipuliza wino ukauke, akaita anayefuata.

Zuleikha, msimamizi wa dobi, alikuwa amesimama mlangoni na funguo mkononi. Alimwambia aache kufua, aende chumba cha kumi na nne, wageni wamefika na mtoto mchanga, kitanda chake kitandikwe kabla hawajarudi kutoka pwani.

Chumba kilikuwa kitupu na chenye baridi. Kitanda kilikuwa kidogo, cha mbao nyeupe. Kadii alitandika shuka, akalaza mikunjo kwa kiganja, akashusha chandarua. Alikipitisha vidoleni, upande mmoja baada ya mwingine. Alipata tundu moja, si kubwa kuliko punje ya mtama. Alivuta uzi kwenye pindo la kanga yake, akaukata kwa meno, akalifunga tundu, akaingiza kingo za chandarua chini ya godoro pande zote nne, mbu asipate pa kupitia.