Hospitali Si Timu

Mama Kadi alikuwa na wanafunzi sitini na wawili, vitabu vya kusoma ishirini na kimoja, na shingo iliyomuuma tangu muhula uanze. Jina la Mama Kadi alipewa na wanafunzi wenyewe, darasa la tatu, kwa sababu ya kadi za maneno alizozikata kutoka kwenye maboksi ya sabuni na kuzining'iniza kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, kutoka dirishani mpaka mlangoni. Darasa zima lilinukia sabuni. Mgeni akiingia angedhani kuna mtu anafua.

Walimu wenzake walimwonea huruma kidogo na kumcheka zaidi. Wao waliandika ubaoni, watoto wakanakili, kengele ikalia, basi. Yeye alikwenda semina ya siku tatu akarudi na vikundi vya kusoma, na toka siku hiyo hakukaa kitako. Vikundi vilikuwa vinne. Kila asubuhi kimoja kilikaa naye kwenye mkeka mbele ya ubao kikisoma kwa sauti. Cha pili kilisoma wawili wawili. Cha tatu kilipanga silabi kuunda maneno. Cha nne kilichora neno la siku na kulitungia sentensi. Baada ya dakika kumi na tano alipiga makofi matatu na vikundi vikabadilishana. Kwenye karatasi ya semina mambo yalikwenda vizuri sana. Kwenye karatasi ya semina hakukuwa na mtoto anayetapika, wala penseli iliyoingia sikioni mwa jirani, wala dawati moja linalogombewa na watoto watano.

Vikundi aliviita Jua, Mwezi, Nyota na Wingu. Aliumiza kichwa juu ya majina hayo, maana hakutaka mtoto yeyote ajue kama yuko na wanaosoma vizuri au na wanaojikokota. Watoto walijua kabla hajamaliza kubandika vibao. Wiki ya pili tu, mtoto akikosa mpira uwanjani wenzake walimwambia, "Wingu wewe." Mama Kadi aliwasikia, akajiambia kwamba Ijumaa atabadilisha majina. Ijumaa ikafika, ikamkuta na rundo la madaftari, na majina yakabaki pale pale.

Ndani ya Wingu alikuwemo msichana aliyeitwa Taratibu. Alisoma kwa kidole, silabi kwa silabi, na kidole chake hakikuondoka kwenye neno mpaka kiridhike. Hakuwa na kelele wala ugomvi, na katika darasa la watu sitini na wawili mtoto asiye na kelele ni rahisi kumsahau. Kazi zake za nyumbani hazikurudi hata siku moja zikiwa zimekamilika. Mama Kadi aliwahi kumuuliza kwa nini, mtoto akainamisha kichwa. Kabla hajamuuliza mara ya pili, kikundi cha Nyota kilikuwa kimemwaga silabi zote sakafuni.

Sasa mwalimu mkuu, mtu wa rula na kalamu tatu mfukoni, akatoa agizo. Katika darasa la tatu, yeyote atakayepata chini ya tano kati ya kumi kwenye mtihani wa msamiati angerudishwa darasa la pili. Yeye alisema "akapumzike kidogo," na pale shuleni kila mtu alijua maana ya kupumzika. Mama Kadi alimfuata ofisini akabishana naye akiwa wima, kwa sababu hakukaribishwa kiti. Alisema mtoto ukimrudisha katikati ya mwaka atajiona mjinga mpaka anaota mvi. Mwalimu mkuu akamuuliza kama anayo njia nyingine ya kupunguza watu kwenye madawati. Hakuwa nayo. Alichoambulia ni kukubaliwa kusahihisha mtihani huo mwenyewe, na kwamba alama atakazotoa yeye ndizo zitakazofuatwa.

Mada ya wiki ile ilikuwa michezo. Kadi kumi zilining'inia kwenye kamba: timu, refa, filimbi, mbio, bao, shinda na nyingine. Watoto walizisoma, wakazichora, wakazipanga kwa silabi, na Alhamisi, kwenye mtihani wenyewe, wakaambiwa kila neno walitungie sentensi.

Jioni ile Mama Kadi alibaki peke yake kwenye chumba cha walimu. Karatasi sitini na mbili, sentensi kumi kila moja. Alipiga hesabu, akajuta kuipiga. Mmoja alikuwa ameandika kwamba refa ni mtu anayepigwa, akampa alama, maana hakuona cha kupinga. Kufikia karatasi ya arobaini alikuwa anasoma kwa jicho moja huku lingine likipumzika. Ndipo ikaja karatasi ya Taratibu, herufi kubwa zilizokandamizwa mpaka zikatoboa. Kwenye neno shinda alikuwa ameandika: *Mama anashinda hospitali.*

Kalamu nyekundu ilikwenda yenyewe. Mama Kadi alipiga mkasi wa kosa, na pembeni akaandika, "Hospitali si timu." Tena akacheka, kicheko cha kwanza cha siku nzima. Akajumlisha alama, akapata nne, akachukua karatasi ya arobaini na moja.

Ijumaa majina saba yalipelekwa ofisini, na karatasi zikaenda nyumbani zikatiwe saini na wazazi. Jumatatu watoto saba wakabeba mikoba yao wakavuka ukumbi kwenda darasa la pili. Wawili walilia. Taratibu hakulia, aliweka karatasi yake mezani kwa mwalimu, ikiwa imetiwa saini, akasukuma kiti chake ndani ya meza kama kawaida yake, akaondoka. Mama Kadi aliiweka karatasi ile juu ya nyingine bila kuitazama. Alikuwa anatafuta chaki.

Nyumbani alikuwa anaishi na mama yake mzazi, bibi mwenye macho mabovu na masikio mazima, ambaye alimtambua kwa hatua tangu getini. Jioni hiyo, kama jioni zote, bibi alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango.

"Umeshindaje, mwanangu?"

"Nimeshinda salama, mama."

Alisema hivyo huku ameinama kufungua viatu, na pale pale akabaki ameinama. Mkono mmoja ulikuwa kwenye kamba ya kiatu, mwingine ukutani. Nimeshinda. Alikuwa ameshinda wapi? Shuleni. Kutwa nzima ameshinda shuleni, na hakuna hata mtu mmoja aliyemfunga bao.

*Mama anashinda hospitali.*

"Mgongo umekukaza?" bibi aliuliza.

"Hapana, mama. Nimekumbuka kitu."

Aliona aibu, tena aibu ile inayopanda mpaka masikioni. Neno analojibia kila jioni ya Mungu, tangu akiwa mtoto, lilikuwa limepita mbele yake likiwa na mwandiko wa mtoto, naye akalichapa. Wala hakulichapa tu, alilifanyia na mzaha. Chakula kilipoletwa alikula kwa sababu bibi alikuwa anasikiliza kijiko.

Asubuhi alifika shuleni kabla ya mfagiaji. Aliitafuta karatasi ya Taratibu kwenye rundo, na safari hii akaisoma yote mpaka chini. Chini ya saini kulikuwa na maneno ya kalamu ya bluu, yameandikwa harakaharaka, labda magotini: *Samahani sana mwalimu. Ni kweli nashinda huku na mdogo wake tangu mwezi wa pili, narudi usiku. Nitajitahidi awe anasoma.*

Mama mtu ndiye aliyeomba radhi. Alisoma ule mzaha wa hospitali si timu, akiwa hospitalini, kando ya kitanda cha mtoto mgonjwa, akaomba radhi. Mama Kadi alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakafika kifuani.

Mwalimu mkuu alipofungua ofisi alimkuta mlangoni. Alimsikiliza huku akipanga kalamu zake, kisha akasema orodha imeshaingizwa kwenye kitabu, na alama zikianza kubadilishwa baada ya saini, kesho kila mzazi atakuwa hapo na karatasi yake.

"Kosa la nani?" aliuliza.

"Langu. Neno lina maana mbili, mimi nikasahihisha moja."

"Ulikuwa unafikiria nini?"

"Nilikuwa nimechoka."

Hakupanga kulisema hilo, lakini lilikuwa ndilo jibu. Mwalimu mkuu aliichukua karatasi, akaisoma ile sentensi, akashuka mpaka chini kwenye kalamu ya bluu, akakaa nayo muda mrefu kuliko alivyokaa na karatasi nyingi. Halafu akamsukumia Mama Kadi karatasi nyeupe aandike kosa lake na kutia saini. Aliandika. Mwalimu mkuu akakata mstari mmoja kwenye kitabu kwa rula, akasema mtoto arudi darasani kwake.

"Na wewe mwalimu," aliongeza, "naona unahitaji kupumzika kidogo."

Mama Kadi alikumbuka maana ya kupumzika pale shuleni, akatoka haraka.

Darasa la pili lilikuwa la mwalimu mzee waliyemwita Bibi Miwani, aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu na tayari alishavivua viatu. Siku nyingine darasa lake ungelisikia tangu barabarani. Siku hiyo lilikuwa kimya, na Mama Kadi akasita mlangoni. Taratibu alikuwa amesimama mbele na kitabu, kidole chini ya neno, akiwasomea wadogo zake. Alikwenda silabi kwa silabi. Watoto wa mstari wa mbele walikuwa wamenyoosha vidole vyao hewani, wakifuata kidole chake, midomo ikitembea. Mwendo wake ndio uliokuwa mwendo wao. Alifika mwisho wa ukurasa, akafungua mwingine, akaendelea.

Mama Kadi hakuwahi kumsikia akisoma ukurasa mzima. Kwenye mkeka wa Wingu alikuwa anafikisha mistari mitatu tu, kisha makofi matatu yanalia.

Bibi Miwani alimwona, akamnong'oneza, "Mdogo wangu, huyu umenipa zawadi, usije ukasema umekosea anwani."

"Nimekosea, dada. Niitie tafadhali."

Ukumbini alichuchumaa, magoti yakalia. Alimwonyesha Taratibu karatasi: mkasi umefutwa, alama ya vema imewekwa, nne imekuwa tano, na ule mzaha wa pembeni umekatwa kwa mistari mingi kuliko ilivyohitajika. Akamwambia sentensi yake ilikuwa sahihi tangu mwanzo, aliyekosea ni mwalimu, na anaomba amsamehe. Mtoto alitikisa kichwa kukubali, kwa adabu, kama mtu aliyepewa kitu asichojua akiweke wapi. Mama Kadi akamuuliza mdogo wake anaendeleaje. Akajibiwa kwamba bado hajarudi nyumbani, lakini sasa anakaa mwenyewe bila kushikwa.

"Haya, chukua mkoba wako twende."

Taratibu aliitazama karatasi, akautazama mlango wa darasa la pili. Kuna kichwa kidogo kilikuwa kimechungulia pale, na kitabu kimefunguliwa kwenye ukurasa ule ule. Aliweka kidole juu ya neno kwenye karatasi.

"Mwalimu," alisema polepole, "mimi huku nashinda."

Mama Kadi alisubiri sentensi iishe, kama walimu wanavyosubiri: unashinda nini, unashinda na nani, unashinda mpaka saa ngapi. Hakuna kilichofuata. Sentensi ilikuwa imekwisha, na ilikuwa sahihi, na yeye hakujua ni kwa maana ipi kati ya zile mbili. Safari hii hakuthubutu kuchagua kwa niaba yake.

Alijua hata hivyo kwamba mtoto huyu ana wenzake wa rika lake, na mwakani kuna darasa la nne ambalo halitamngoja. Kwa hiyo wakakubaliana pale pale, mmoja amechuchumaa na mwingine amesimama. Leo abaki. Kesho asubuhi arudi kwenye kiti chake, na kila siku kabla ya mapumziko aje huku kuwasomea wadogo zake, ukurasa mzima, hakuna atakayempigia makofi kumkatisha. Taratibu aliufikiria mpango huo kwa mwendo wake wa siku zote.

"Kurasa mbili," alisema.

"Mbili."

Mama Kadi aliinuka kwa kushika ukuta. Darasa la tatu alilikuta linavyokuwa darasa la tatu likiachwa dakika ishirini. Kamba ya kadi ilikuwa imekatika upande mmoja, na neno filimbi lilikuwa limevaliwa na mtu kichwani. Kabla ya yote alipita kwenye kuta akabandua vibao vinne, Jua, Mwezi, Nyota na Wingu, akavitia mfukoni. Hakuwa na majina mengine ya kuweka, na hakuwa na nguvu ya kuyatafuta. Akasimama mbele, wakanyamaza kiasi.

Mtoto mmoja waliyemwita Redio, ambaye hakuna jambo lililompita, alinyoosha mkono. Alitaka kujua Taratibu yuko wapi, maana yeye alisikia kwamba anarudishwa.

"Atarudi kesho," alisema Mama Kadi. "Leo anashinda darasa la pili."

Redio aligeuka kuwatazama wenzake, macho yamemtoka.

"Darasa la pili zima?"

Na kwa kuwa wiki nzima iliyopita vichwa vyao vilijazwa timu na mabao, darasa likapiga makofi. Yalianzia nyuma, mezani kwa waliokuwa Wingu mpaka dakika tano zilizopita, yakafika mbele, wengine wakagonga madawati. Mama Kadi aliegemea ubao, chaki ikamchafua mgongo mzima. Hakuwasahihisha.